Kazi ya Kuhesabu Maua

(Hotuba iliyotolewa mbele ya wanafunzi wa zamani, walimu na wanafunzi katika siku ya kukutana, Buzuruga, Mwanza, mwezi wa Agosti)



Kamati ya maandalizi iliponiandikia barua ilinitaka nizungumze juu ya mafanikio katika utumishi wa umma. Nilikaa na barua ile wiki mbili bila kuijibu. Si kwamba nilikosa la kusema. Mtu aliyekaa serikalini zaidi ya miaka ishirini hakosi la kusema, na wengine wetu hatukosi la kusema hata pale ambapo hatukuulizwa. Lakini kila nilipojaribu kuandika juu ya mafanikio, kalamu ilirudi kwenye jambo moja ambalo si la mafanikio hata kidogo. Kwa hiyo, Ndugu Mwenyekiti, naomba radhi kwa Kamati. Nitazungumza juu ya tarakimu moja niliyoiandika vibaya, na tarakimu yenyewe ni sifuri.

Rafiki yangu mmoja tuliyekaa naye dawati moja, ambaye leo ni mtu mzito mwenye maboti ya uvuvi, aliniuliza jana usiku: "Hivi kweli Serikali inakulipa mshahara uende porini kuhesabu maua?" Nikamjibu, naam, mshahara, na posho ya safari juu yake. Alicheka mpaka akakohoa. Sasa nataka nimweleze, na niwaeleze nanyi, kazi hiyo ni kazi gani, na hesabu mbaya ya maua inaweza kumgharimu nani.

Wale wa rika langu, tulioingia Kidato cha Kwanza mwaka 1993, mtakumbuka mawe makubwa yaliyokuwa nyuma ya uwanja wa mpira, ambako tulikimbilia kujificha siku za kazi za mikono. Siku moja, mvua zikiwa zimekolea, mwalimu wetu wa Bayolojia alitupeleka kule. Kati ya mawe mawili, penye udongo kiasi cha karai moja tu, palikuwa na mmea mwembamba wenye maua ya kijani yanayoelekea weupe. Kila ua lilikuwa na mkia mrefu unaoning'inia nyuma. Mchana halikuwa na harufu. Mwalimu alitwambia turudi jioni, na wachache tuliorudi tulikuta linanukia vizuri ajabu. Alitueleza kwamba nondo wa usiku ndiye mgeni wa ua lile. Ndani ya mkia mna maji matamu, na nondo mwenye ulimi mrefu huingiza ulimi wake humo anywe, na akiondoka huondoka na chavua usoni.

Alitutaka tuchore. Mimi nilichora vizuri kupita wote, na nilijua hivyo. Nilichora maua, majani, shina, kisha nikamalizia na mizizi, mingi na mizuri, kama ile ya mharage iliyomo kitabuni. Nikapata alama tatu katika kumi. Nilipokwenda kulalamika, mwalimu aliweka kidole juu ya ile mizizi akauliza, "Hii umeiona wapi?" Nikasema, "Mwalimu, kila mmea una mizizi." Akasema, "Sikukuuliza kama ipo. Nimekuuliza umeiona wapi."

Niliondoka nimenuna. Nilikuja kufahamu nikiwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, katika masomo ya mimea, kwamba hata ile mizizi yenyewe ilikuwa ya uongo. Ua lile ni okidi, katika kundi liitwalo Habenaria, na chini yake, pamoja na vizizi vichache, kuna viazi.

Naomba mnivumilie kidogo juu ya viazi hivyo, maana habari yote imelala hapo. Okidi ni ukoo mkubwa sana wa mimea, una aina zaidi ya 25,000 duniani. Vanila wanayolima ndugu zetu wa Kagera, ng'ambo ya ziwa, nayo ni okidi. Aina nyingi huota juu ya miti, lakini katika nyanda zetu za nyasi zipo zinazoota ardhini, na nyingi kati ya hizo huishi kwa viazi viwili. Kimoja ni cha zamani, ambacho mmea unakila mwaka huu ili utoe jani na ua. Cha pili ni kipya, kinachojazwa polepole kandoni mwake kwa ajili ya mwaka ujao. Kile cha zamani hunywea kikaoza, na kile kipya hubaki ardhini kimelala kiangazi chote, moto ukipita juu yake na ng'ombe wakikikanyaga, mpaka mvua zirudi. Mbegu zake ni kama vumbi. Kitumba kimoja hutoa maelfu, ila mbegu haina chakula chochote ndani yake, kwa hiyo haiwezi kuota mpaka ikutane na kuvu maalumu wa ardhini wa kuilisha. Karibu zote hufa. Ile inayopona huchukua miaka kabla ya kutoa ua la kwanza.

Sasa tuondoke Mwanza twende Nyanda za Juu Kusini, kwa maana huko ndiko nilikopelekwa kikazi. Ukifika Chimala, kwenye barabara kuu ya kwenda Mbeya, unapinda kushoto na kuanza kupanda ukingo wa milima kwa kona ambazo wenyeji wamezihesabu, na barabara yenyewe wameipa jina hilo: Hamsini na Saba. Ukimaliza kona unafika Matamba, na mbele yake kuna uwanda wa Kitulo, kiasi cha meta 2,600 juu ya usawa wa bahari. Mimi mtoto wa ziwani nilifika kule na shati la mikono mifupi. Sitasema zaidi.

Wenyeji wanauita uwanda ule Bustani ya Mungu. Tangu mvua za mwishoni mwa mwaka hadi Aprili, nyasi zote hugeuka rangi. Aina zipatazo 45 za okidi za ardhini zimeorodheshwa huko, zikiwemo za makundi ya Disa, Satyrium na Habenaria, na aina zote za mimea, pamoja na okidi hizo, zinafika 350 hivi. Mwaka 2005 sehemu yenye ukubwa wa kilometa za mraba zipatazo 413 ilitangazwa rasmi kuwa Hifadhi ya Taifa. Sisi tumezoea kwamba hifadhi ni ya tembo na simba. Ile imewekwa hasa kwa ajili ya mimea.

Kilichoharakisha jambo hilo ni chakula. Upande wa pili wa mpaka, nchini Zambia, kuna kitoweo kiitwacho chikanda. Viazi vya okidi hukaushwa, vikatwangwa kuwa unga, vikachanganywa na karanga zilizotwangwa, pilipili, chumvi na magadi, vikapikwa mpaka vikagandamana kama mkate mzito unaokatwa vipande. Nimekula. Ni kitamu, na nasema hivyo nikiwa mtumishi wa Serikali. Zamani kilikuwa chakula cha vijijini, cha wakati wa shida au wa sherehe. Watu wa mijini walipokipenda, okidi za Zambia zikapungua, na wachuuzi wakavuka Tunduma kutafuta zetu. Huku kwetu viazi hivyo vinaitwa kinaka. Watafiti wawili, Davenport na Ndangalasi, walichapisha mwaka 2003 makisio yao kwamba kila mwaka viazi kati ya milioni 2.2 na milioni 4.1 vilikuwa vinavuka mpaka kutoka Tanzania. Na kumbukeni kwamba anayechimba hachukui kile kiazi cha zamani kilichonywea. Anataka kile kigumu kilichojaa, yaani kile cha mwaka ujao.

Msidhani ni jambo la Afrika peke yake. Waturuki wana kinywaji na aiskrimu vinavyotengenezwa kwa unga wa viazi vya okidi vya kwao, na malalamiko yao ni haya haya. Biashara ya okidi zote kati ya nchi na nchi inasimamiwa na mkataba wa kimataifa ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1979. Lakini mkataba hauchimbi wala hauchimbuliwi. Anayechimba ni mtu mwenye jembe na ada ya shule ya mtoto.

Nakuja kwenye sifuri yangu.

Mwaka 2013, mwezi wa Februari, nilipewa kazi ya kupima uwanda mmoja wa nyasi ulio nje ya mipaka ya hifadhi, katika ardhi ya kijiji. Jina la kijiji sitalitaja, na jina kamili la okidi niliyokuwa naitafuta sitalitaja pia, ila ni Disa, ya zambarau, ndogo, na ni adimu. Vijana msinione kwamba najifanya mtu wa siri. Katika kazi hii, ukiandika mahali na ukataja mmea, umemchorea ramani mwenye jembe. Kijiji kilikuwa kinapanga matumizi ya ardhi yake, na ofisi yangu iliombwa iseme kama pale pana kitu cha kuhifadhiwa. Ilikuwa swali la kawaida lenye fomu ya kawaida.

Kupima hufanywa hivi. Mnanyoosha kamba ya meta hamsini kati ya vigingi viwili. Watu wanne wanasimama katika mstari, wakiachana hatua chache, na kutembea polepole sana kuifuata kamba, kila mtu akitazama kipande chake cha ardhi. Ukiona unaloliona, unasema, unasimama, unahesabu, unaandika. Kisha kamba inahamishwa. Penye maua mengi mnaweka fremu ya meta moja kwa moja na kuhesabu kila kilichomo ndani. Lazima iwe wakati wa maua, kwa maana jani la okidi hizi likiwa peke yake kati ya nyasi huwezi kulitambua hata ukilikalia. Inaonekana kazi rahisi, lakini baada ya saa mbili macho yanaanza kuona zambarau pasipo na zambarau, na baada ya saa nne hayaoni hata pale ilipo. Mvua ya kule ni ya sindano, daftari linalowa, vidole vinakataa kushika kalamu.

Tulikuwa wawili kutoka ofisini, pamoja na vijana wawili wa kijiji tuliowaajiri kubeba kamba. Tulipima siku tatu. Tuliona Satyrium nyingi, tuliona Habenaria, tuliona maua mengine mazuri ya kumfanya mtu asahau baridi. Disa yetu hatukuiona. Ratiba ilikuwa ya siku nne. Siku ya nne ukungu ulishuka mzito, na dereva akasema ukungu huo hautaondoka. Tulikaa ndani ya gari tukila mahindi ya kuchoma, na saa sita tukateremka zile kona hamsini na saba.

Fomu ilikuwa na nafasi mbili. Ya kwanza ilisema "Idadi". Nikaandika 0. Ya pili ilisema "Maoni ya mtaalamu". Nikaandika kwa mwandiko mzuri, "Aina hii haipo katika eneo lililopimwa." Nikatia sahihi, na cheo changu chini yake. Mizizi ya mharage, ndugu zangu. Alama tatu katika kumi.

Sitaki mseme kijiji kilifanya vibaya. Kijiji kilikuwa na uwanda, kilikuwa na vijana wasio na mashamba, na viazi mviringo vya kule vina soko hadi Dar es Salaam. Kiliuliza kwa adabu kama pana cha kuhifadhiwa, nacho kikajibiwa na mtaalamu kwamba hapana. Kikagawa ardhi, watu wakalima. Nilipata habari hizo na hazikunisumbua. Kwa nini zinisumbue? Sifuri ilikuwa imeandikwa.

Nilirudi mwaka 2015 kwa shughuli nyingine kabisa, mambo ya miche ya miti. Nilipita kando ya uwanda ule, ambao sasa ulikuwa matuta ya viazi toka mwisho hadi mwisho, yamenyooka, yamestawi. Kati ya matuta na barabara palibaki ukanda wa nyasi ambao jembe halikufika, mpana kama chumba cha darasa na mrefu kiasi cha meta mia mbili. Mle ndani palikuwa na rangi ya zambarau. Nilimwambia dereva asimame. Nilihesabu mimea kumi na mmoja, yote imechanua.

Nikiwa nimepiga magoti pale, mama mmoja wa makamo alipita na jembe begani na kapu mkononi. Tukasalimiana. Akaniangalia vizuri, akasema, "Wewe si ndiye yule baba wa kamba?"

Nikasema ndiye.

"Mwaka ule ulipokuja, hizi zilikuwa zimelala," akasema. "Mwaka wa kabla yake zilitoka nyingi, uwanda wote huu. Zikichoka zinalala. Nilikuwa nawaona mnakwenda mkirudi siku tatu, nikasema, hawa wanatafuta nini?"

Nikamwuliza, "Mama, mbona hukutwambia?"

"Baba, ungeniuliza ningekwambia. Lakini nyinyi mlikuwa na gari la Serikali, na mimi ninachimba kinaka."

Hapo, Ndugu Mwenyekiti, ndipo nilipoelewa nilichokifanya. Mama yule alikuwa anaujua uwanda ule kwa miaka thelathini. Alijua wapi zinatoka mapema, wapi zinachelewa, mwaka gani zilijitokeza na mwaka gani hazikujitokeza, kwa sababu maisha yake yalitegemea kujua hivyo. Mimi nilikuwa na siku tatu na kamba. Na katika siku tatu hizo haikunipitia akilini kumtafuta mchimbaji nimwulize, kwa sababu katika makaratasi yetu yeye aliandikwa upande wa matatizo. Alichukua jembe lake, akainama kwenye ukingo wa shamba mahali pasipo na ua wala jani, akafukua taratibu kwa vidole, akanionyesha kiazi kimoja, kigumu, kizima, kimetulia gizani. "Huyu bado amelala," akasema, akamfukia tena. Sikumwuliza kwa nini hakukitia kapuni. Mpaka leo najiuliza.

Jambo hilo la kulala limeandikwa vitabuni, nami nilifundishwa. Okidi nyingi za ardhini zinaweza kukaa mwaka mzima, au zaidi ya mmoja, bila kutoa hata jani, zikiishi kwa akiba yao na kwa msaada wa wale kuvu. Kule Marekani, katika zile nyanda za nyasi ziitwazo prairie, kuna okidi nyeupe yenye pindo kama ya shali, jina lake Platanthera praeclara, ambayo ni jamaa wa karibu wa Habenaria zetu, na nayo hutembelewa na nondo wa usiku wenye ndimi ndefu. Karibu nyanda hizo zote zimegeuzwa mashamba ya mahindi na soya, na mwaka 1989 okidi hiyo iliwekwa katika orodha ya Serikali yao ya viumbe walio hatarini. Wanaoihesabu huenda kila mwaka inapochanua, kwenye mwezi wa Julai, na hesabu zao hupanda na kushuka kupita kiasi: mwaka mmoja tele, mwaka mwingine chache mno, kutegemea mvua na unyevu wa ardhi. Kwa hiyo hawamwamini mtu aliyehesabu mara moja. Nilikuwa nimeyasoma hayo yote kabla ya mwaka 2013. Nilijua kwa mtihani, sikujua kwa fomu.

Na sisi wa Mwanza tusingehitaji kwenda Marekani kujifunza. Wazee waliopo hapa wanakumbuka furu. Wataalamu wa Kiholanzi walianza kuwachunguza furu wa Ghuba hii yetu mwaka 1977, wakakuta aina nyingi ajabu. Miaka ya themanini sangara alipofurika, furu wakatoweka katika nyavu aina baada ya aina, na nyingi zikahesabiwa kuwa zimekwisha. Aina nyingine ni kweli zimekwisha. Lakini miaka ya tisini baadhi ya zile zilizodhaniwa zimetoweka zikaanza kuonekana tena. Wavu mtupu unakwambia habari ya wavu, na ya siku ile. Rafiki yangu wa maboti anatikisa kichwa kukubali, naona amenisamehe.

Niliporudi ofisini niliandika barua ya kurekebisha taarifa yangu mwenyewe. Vijana mtakaoingia utumishini mtajua kwamba barua ya namna hiyo ni nzito kuliko barua ya kuomba likizo. Niliandika kwamba mimi, mwenye sahihi na cheo, niliandika "haipo" mahali ambapo nilipaswa kuandika "haikuonekana", kwamba sikuwauliza wenyeji wanaoujua mmea, na kwamba siku moja ya kupima sikupima. Mkubwa wangu wa wakati ule aliniita akaniuliza kama nina haja gani ya kujichongea. Nilimweleza. Hakufurahi, lakini barua aliipitisha.

Barua haikurudisha uwanda. Walioupewa wanaulima, wamejenga nyumba za bati, wanasomesha, na mimi si mtu wa kwenda kuwang'oa watu viazi vyao kwa kosa langu. Kilichopatikana ni kile ukanda wa kando ya barabara. Serikali ya kijiji ilikubali usilimwe, na yule mama, kwa hiari yake na kwa posho ndogo iliyotoka mfukoni mwangu miaka miwili ya mwanzo, akawa ndiye msimamizi wa hesabu yake. Nakwenda kila nikipata nafasi. Tulihesabu kumi na mmoja, mwaka uliofuata minne. Mwaka wa tatu hatukuuona hata mmoja, na nakiri usiku ule sikulala vizuri katika nyumba ya wageni. Niliandika hivi: "Haikuonekana. Watu wawili, saa tano, mvua nyepesi, nyasi hazikuchomwa mwaka jana." Mama akasema tungoje. Mwaka wa nne ikatoka tisa.

Hatujui kama ukanda wa nyasi mdogo vile unatosha. Nondo wanataka uwanda, kuvu wanataka udongo usiogeuzwa, na mimea michache ikioana yenyewe kwa yenyewe miaka mingi hudhoofika. Huenda nimebakiza kitu ambacho kinakufa polepole tu. Mama naye umri unakwenda, na binti yake anafanya biashara ya simu Makambako.

Wapo wanaouliza kwa nini tusipande kinaka kama tunavyopanda muhogo. Ni swali zuri na watu wa maabara wanalihangaikia. Ugumu wake nimekwisha kuueleza: mbegu ya vumbi, kuvu wake mwenyewe, na miaka ya kungoja. Kijana wa hapa atakayeweza kumpatia mkulima mche wa kinaka wa kupanda bustanini atakuwa amefanya kazi kubwa kuliko yangu, na mama yule hatakuwa tena mhalifu. Nalisema hili nikimtazama mwalimu wa Kemia pia, asidhani ni la Bayolojia peke yao.

Asubuhi ya leo, kabla hamjaamka kunywa chai, nilikwenda nyuma ya uwanja wa mpira pamoja na mlinzi wa shule. Baadhi ya mawe yamevunjwa kokoto, na nyumba zimesogea karibu sana. Yale mawe mawili bado yapo. Katikati yake pana udongo, mfuko mmoja wa nailoni, na nyasi zilizokauka. Mlinzi aliniuliza natafuta nini, nikamweleza, akasema yeye ana miaka tisa hapa na hajawahi kuliona ua la namna hiyo. Nikamwuliza kama amewahi kupita pale jioni wakati wa mvua. Akafikiri, akasema hapana, wakati wa mvua yeye hukaa getini.

Nimemkabidhi Mwalimu wa Bayolojia daftari gumu la kurasa 192. Juu nimeandika jina la mahali, ambalo kwa hapa halina madhara, maana huku kwetu hakuna anayekula kinaka. Ukurasa wa kwanza nimeujaza mwenyewe: tarehe ya leo, watu wawili, saa moja na robo, jua kali, ardhi kavu, haikuonekana. Mvua za vuli huanza hapa Oktoba au Novemba. Kidato cha Tatu, ukurasa wa pili ni wenu. Nendeni jioni, na mkamwulize pia yule bibi anayeuza mihogo kando ya mawe. Amekaa pale tangu sisi tukiwa wanafunzi, na mimi leo asubuhi nimempita bila kumwuliza.